Safari ya Vasco da Gama Mikononi mwa Wanafunzi

Wanafunzi wengi hukariri kwamba Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon mwezi Julai 1497, akafika Malindi mwezi Aprili 1498, na Calicut, India, mwezi uliofuata. Tarehe hizo ni sahihi, lakini hazielezi jinsi safari hiyo ilivyowezekana. Ndiyo maana tunawahimiza walimu waifundishe kwa kazi za mikono.

Kazi ya kwanza yahitaji beseni la maji, mashua ya kifuu yenye tanga la karatasi, na pepeo. Ukingo mmoja uwe Malindi, wa pili Calicut. Mashua ikipepewa kutoka nyuma huvuka upesi. Ikigeuzwa kurudi huku upepo ukivuma vilevile, hukwama. Hapo wanafunzi huelewa maana ya kusi na kaskazi. Kusi ilipoanza, Wareno walivuka kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Waliporejea hawakungoja msimu wa kaskazi. Walitanga baharini takriban miezi mitatu, na mabaharia wapatao 30 wakafa, wengi kwa kiseyeye.

Kazi ya pili ni kutengeneza kibao kidogo kilichotobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliushika uzi kwa meno, wakaunyoosha, wakapima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Darasani, alama ya chaki ukutani yatosha kuwa nyota. Mtoto aliyejaribu kipimo hicho hatasema tena kwamba bahari hii ilikuwa haijulikani. Kwa hakika, Vasco da Gama aliongozwa na rubani aliyepewa na Mfalme wa Malindi.

Kazi ya tatu ni kufinyanga nguzo yenye msalaba, mfano wa ile ya Wareno iliyopo Malindi hadi leo. Wanafunzi waulizwe: ni nini kilichofuata? Mwaka 1505 Wareno waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Sisi tunaouheshimu Msalaba hatuna budi kuwaambia watoto wetu kwamba ulifika pwani hii katika merikebu zilizobeba pia mizinga.

Walimu wapendwa, vifaa hivi ni vya gharama ndogo. Tuwaachie wanafunzi muda wa kujaribu, kukosea na kuuliza, kisha tuyajibu maswali yao kwa ukweli mtupu.