Chai ya Warusi na matabisi yetu

Katika masomo ya maadili swali moja linarudi kila mwaka: katekista ao karani wa parokia akipewa «feza ya chai», amepokea zawadi ao amekula rushwa? Tunataka kulijibu kwa kupitia inchi ya mbali, ni kusema Urusi, maana Warusi nao wana chai, na wana feza ya chai.

Chai ilifika Moscow mwaka 1638, zawadi ya mkubwa mmoja wa Wamongoli kwa mfalme Mikhail. Nyuma ya mapatano ya Kyakhta ya 1727, misafara ya ngamia iliileta toka China kwa njia ya bara. Ndiyo sababu Warusi wanasema chai kama sisi: ni jina lililotembea barani. Wafaransa wanasema thé, jina la watu wa Fujian, ambalo Waholandi walilibeba melini.

Chombo chao ni samovari, birika kubwa lenye bomba la moto katikati; mji wa Tula umesifiwa kwa kazi hiyo tangu karne ya 18. Mtu wa Lubumbashi angesema: ni birika lililomeza mbabula yake. Makala yanawaka ndani, maji hayapoi. Juu yake kunakaa birika dogo lenye chai kali; kila mtu anamiminiwa kidogo, kisha anaongezewa maji ya moto kadiri anavyopenda. Watu wa zamani walishika kipande cha sukari katika meno na kunywea katika kisahani. Mgeni aliyetosheka alifunika kikombe chake juu chini. Bila alama hiyo, mwenye nyumba aliendelea kumimina. Tuangalie vizuri: anayetoa ni mwenye nyumba. Mgeni haombwi kitu.

Lakini Warusi wana neno lingine, na chai, maana yake «ya chai». Ni feza anayopewa mtumishi kupita mshahara wake. Zamani walisema «ya vodka». Chai ilipoenea, jina likabadilika, mkono ulionyoshwa ukabaki uleule. Wareno walikuwa na mata-bicho, «kuua mdudu», pombe kali ya asubuhi; humo lilitoka neno letu matabisi. Kenya na Tanzania «chai» yenyewe ni jina la rushwa. Kinshasa wanasema madesu ya bana, maharagi ya watoto. Rushwa inapenda kujificha katika chakula, maana nani atamnyima mwenzake chakula? Wafaransa angalau wametenga majina mawili, pourboire kwa asante na pot-de-vin kwa rushwa, na hapo wanatusaidia kufikiri.

Basi tutenganishe namna gani? Wengine wanapima ukubwa wa kitu. Kwetu sisi hiyo haitoshi. Tuulize zaidi: nani alianza? Na kama mtu asingetoa kitu, kazi ingefanyika sawasawa? Mama anayeleta kuku nyuma ya ubatizo wa mjukuu wake anatoa kama mwenye samovari. Kumkatalia ni kumhuzunisha bure. Karani ambaye cheti «hakionekani» mpaka apewe kitu, yeye amegeuza desturi: ni mwenye nyumba anayemdai mgeni amnyweshe. Kanuni 848 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 ni wazi: mhudumu wa sakramenti asiombe kitu kupita sadaka zilizowekwa na wakubwa halali, wala masikini asikoseshwe sakramenti juu ya umasikini wake. Kanuni 947, juu ya sadaka za Misa, inakataza hata kile kinachofanana tu na biashara.

Wanaojitetea wanasema mshahara hautoshi. Mara nyingi ni kweli, na makatekista wengi hawana mshahara hata kidogo. Lakini deni hilo ni la parokia nzima; lisemwe mbele ya baraza la parokia, kwa hesabu, lisidaiwe dirishani kwa mjane mmoja mmoja. Na sadaka zilizowekwa ziandikwe katika ubao penye mlango wa ofisi, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu.