Meli Ikifa Injini, Imekufa? Kweli na Si Kweli Kutoka Mwaloni Kirumba

Mwaloni Kirumba, Mwanza, zinakoshushia dagaa boti za visiwani, habari za meli kubwa hazikosi wasemaji. Mengi yasemwayo ni sahihi. Mengine ni lazima yasahihishwe, kwa sababu watu wanapanda meli wakiyaamini.

"Meli zetu ziliingia ziwani kupitia Mto Naili."

Si kweli. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Naili imejaa maporomoko. Meli kubwa za hapa ama zilikuja vipandevipande, ama ziliundwa hapahapa. MV Victoria ilitengenezwa na kiwanda cha Yarrow huko Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa kwa bahari na reli mpaka Kisumu, ikaungwa upya na kuanza kazi mwaka 1961. Mchoraji wa meli ya namna hiyo hawazi mawimbi tu. Anawaza pia behewa la treni litakalobeba kila kipande.

"Meli ikifa injini, ndiyo imekufa."

Si kweli kabisa. Victoria hiyohiyo ilisimama mwaka 2014, na wengi tuliokuwa tukiitegemea kwenda Bukoba tukaihesabu chuma chakavu. Mafundi wakaing'oa injini, wakafunga mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Wa Kigoma wana ushahidi mkongwe zaidi. MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi wao waliipaka injini grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena Ziwa Tanganyika. Ilikuwa ya mvuke. Miaka ya 1970 ikawekewa injini za dizeli.

Hata meli za kivita zinazobeba ndege zinafuata kanuni hii. Zile za Marekani za aina ya Nimitz, zenye urefu wa zaidi ya mita 330, zilichorwa zitumike miaka 50. Katikati ya umri huo hupelekwa Newport News, Virginia, zikatiwa mafuta mapya ya nyuklia na kubadilishwa mitambo mingi, kazi ya miaka kadhaa. Bodi iliyotunzwa huzika injini zaidi ya moja.

"Spea na mafundi lazima watoke nje."

Nusu kweli. Injini kubwa bado tunaagiza. Lakini MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, imeundwa Bandari ya Mwanza Kusini na kampuni za Korea Kusini pamoja na mafundi wetu, ikashushwa majini Februari 2023. Chelezo kilichojengwa kwa mradi huo ni mali kuliko meli yenyewe: bila chelezo huwezi kuitoa meli majini ukakagua rafadha, usukani na mabati ya chini.

"Meli ya chuma haipinduki."

Si kweli, na Mwanza haihitaji kuambiwa mara mbili. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Mei 21, 1996 ilikuwa imebeba watu wengi kupita hapo, pamoja na mizigo, ikapinduka ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, baadhi yao wamezikwa Igoma. Meli husimama wima kwa sababu uzito wake umekaa chini. Ukirundika watu na mikungu ya ndizi juu, unauhamisha uzito huo, na chuma hakisaidii kitu. Ilipopinduka iliendelea kuelea, hewa ikiwa imenaswa ndani. Ilipotobolewa ili kuwaokoa waliokwama, hewa ikatoka, meli ikazama. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya 200 wakafa.

Kwa hiyo msafiri mwenzangu, usiulize kwanza meli ina miaka mingapi. Uliza imekaguliwa lini, imeruhusiwa watu wangapi, jaketi okozi ziko wapi. Ukiona imejaa kupita kiasi, shuka, usubiri ya kesho.