Uyoga wa vichuguu wafichua kilimo cha kale kuliko cha binadamu

Na Mwandishi Wetu, Vigwaza

MSAFIRI aendaye Chalinze kutoka Dar es Salaam, akishapita Mlandizi na kukaribia Vigwaza, huviona vichuguu porini na kudhani ni udongo tu wa kufyatulia matofali. Kumbe ndani ya vingi mna shamba.

Mkulima wake ni mchwa, na zao ni kuvu iitwayo kitaalamu Termitomyces. Vibarua wachanga hula majani makavu na vijiti pamoja na mbegu za kuvu, kisha kinyesi chao hujengwa kuwa masega. Kuvu huota humo na kulainisha mabaki hayo ya mimea, nayo masega yaliyokomaa huliwa na vibarua wakubwa. Mvua zinyeshapo, kuvu hiyo huchomoza nje ikiwa uyoga, ule ambao sisi wa mjini huununua bila kuuliza ulikotoka.

Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha jinsi kazi inavyogawanywa: kuvu ndiyo yenye vinasaba vya kuvunja sehemu ngumu za mimea, na bakteria wa tumboni mwa mchwa humalizia. Ulinganifu wa vinasaba umebainisha pia kuwa kilimo hicho kilianza mara moja tu, katika misitu ya mvua ya Afrika, takriban miaka milioni 30 iliyopita. Hakuna ukoo wa mchwa hao uliowahi kukiacha.

Ushahidi wa mawe umepatikana hapa hapa nchini. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Eric Roberts walitangaza kugundua, katika Bonde la Ufa la Rukwa, masega yaliyogeuka mawe yenye umri wa miaka milioni 25. Kilimo cha binadamu kina miaka 10,000 hivi.

Hata hivyo, ushirika huo wa kale una sehemu dhaifu. Kumbikumbi wa aina nyingi huruka kuanzisha makazi mapya bila kubeba kuvu. Vibarua wao wa kwanza hulazimika kuokota nje mbegu zilizomwagwa na uyoga wa vichuguu vya jirani. Kichuguu kikisawazishwa kwa ajili ya kiwanja au shamba, chanzo hicho hutoweka, na kuukuza uyoga huo kibiashara bila mchwa bado ni kitendawili kwa wataalamu. Mchumaji naye, akibakiza kiasi cha uyoga uliokwisha kuchanua, huziachia mbegu nafasi ya kupeperuka.