Kompyuta: Kuiunganisha Mwenyewe au Kuinunua Ikiwa Tayari?

Mtu atakaye kompyuta ya mezani huuliza kwanza bei, kisha kasi. Ni wachache waulizao swali la tatu, ambalo lina uzito zaidi: sehemu moja ikiharibika, je, yaweza kubadilishwa? Kwa swali hilo tutapima iwapo yafaa kuiunganisha kompyuta mwenyewe au kuinunua ikiwa tayari.

Kuunganisha si jambo geni. Mwaka 1975, kompyuta ya Altair 8800 ya Marekani iliuzwa hasa ikiwa vipande, na mnunuzi alivilehemu mwenyewe. Siku hizi hakuna haja ya kulehemu. Bodi kuu, prosesa, kumbukumbu, diski na pawa saplai hushikanishwa kwa skrubu, vibanio na plagi.

Urahisi huu umetokana na vipimo vya pamoja. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitangaza vipimo viitwavyo ATX, ambavyo huweka ukubwa wa bodi kuu, mahali pa matundu ya skrubu na umbo la plagi ya umeme. Kwa hiyo bodi ya kiwanda kimoja hukaa katika kasha la kiwanda kingine, kama spana namba 10 ishikavyo nati ya namba 10, awaye yote aliyeitengeneza.

Tuchukue mfano wa pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa mkondo geu wa volti 230, na kuubadili kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Umeme upandapo ghafla, yenyewe hupata pigo la kwanza. Na vumbi lizibapo feni yake, huzidiwa na joto. Ikiwa ni ya ATX, fundi huitoa na kuweka nyingine. Lakini baadhi ya kompyuta ziuzwazo tayari zina pawa saplai ya umbo na plagi za kiwanda chake pekee. Ikiungua na ya badala isipatikane, prosesa na diski zilizo nzima hukaa bure.

Hata hivyo, kompyuta iliyo tayari ina faida zake. Kiwanda hununua sehemu kwa wingi, hivyo mashine ya kawaida ya ofisi mara nyingi huwa nafuu, na dhamana yake ni moja. Mwenye kuunganisha hana budi kuutafuta ubovu mwenyewe. Tena ajihadhari na umeme tuli wa mwilini, ambao waweza kuharibu saketi bila yeye kuuhisi. Aguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika sehemu yoyote.

Basi, ofisi ya kuandika barua na hesabu yaweza kununua iliyo tayari, ila kabla ya kulipa kasha lifunguliwe na vipimo vya pawa saplai na bodi viulizwe. Chuo kifundishacho ufundi kiunganishe angalau moja, kwani mwanafunzi aliyezipachika sehemu kwa mikono yake ndiye atakayeitambua ile iliyoharibika.