Maumivu ya Muda Mrefu: Dawa Ipo, Nani Aruhusiwe Kuiandika?

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha wanakamati wa sharika na wafadhili wetu suala linalosahaulika mara nyingi tunapozungumzia afya, yaani maumivu ya muda mrefu, hasa ya wagonjwa wa saratani. Mgonjwa hurudishwa nyumbani na ndugu zake huambiwa kuwa hakuna la kufanya tena. Ni kweli kwamba ugonjwa wenyewe huenda usipone, lakini maumivu yake yanaweza kutulizwa.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hatua tatu: dawa za kawaida kwa maumivu madogo, dawa zenye nguvu kiasi, kisha mofini kwa maumivu makali. Mofini ya maji hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, na bei yake ni nafuu. Mgonjwa huinywa nyumbani kila baada ya saa nne bila kusubiri maumivu yarudi. Hupewa pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo.

Kwa nini basi haiwafikii wengi? Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unadhibiti mofini kama dawa ya kulevya, lakini pia unazitaka serikali zihakikishe inapatikana kwa tiba. Nchi nyingi zilishika sehemu ya kwanza na kusahau ya pili. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za kundi hili zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu.

Jirani zetu wa Uganda wana funzo. Huko Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Wakati huo sheria iliruhusu daktari wa binadamu, wa meno, na hata wa mifugo kuandika mofini, lakini si muuguzi. Vijijini, ambako madaktari ni wachache, wagonjwa waliikosa. Mwaka 2004 serikali ilibadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa asiyepona. Serikali pia iligharimia mofini ya maji ili mgonjwa asiilipie.

Hatusemi kila maumivu yatibiwe kwa mofini. Maumivu sugu ya mgongo au viungo huhitaji zaidi mazoezi, dawa za kawaida na ushauri. Marekani imeonyesha hatari ya kuandika dawa hizi ovyo. Zinahitaji kabati lenye kufuli, daftari la kumbukumbu na mtumishi aliyefunzwa.

Tunaziomba kamati za sharika zifanye mambo mawili. Kwanza, wanaowatembelea wagonjwa wawaulize wazi: "Unaumwa wapi, na usiku unalala?" Wengi hunyamaza wakidhani kuvumilia ni lazima. Pili, ulizeni katika kituo chenu cha afya kama mofini ipo, na ni nani anayeruhusiwa kuiandika. Majibu yaleteni ofisi ya miradi, tuyafikishe kwa mganga mkuu wa wilaya.

Kwa wafadhili wetu, chupa ya dawa si gharama kubwa. Mahitaji makubwa ni mafunzo ya wauguzi na usafiri wa kumfikia mgonjwa nyumbani.