Ngome ya Kompyuta na Upashanaji wa Mafaili

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza tatizo moja la kompyuta. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyehamia Windows 11, awe Fizi au Baraka, huenda akakuta kompyuta mbili zilizokuwa zikipashana mafaili sasa hazionani.

Chanzo chake ni ngome, ambayo sisi tumezoea kuiita kwa Kifaransa pare-feu. Hiyo ni mfano wa mlinzi wa gati: huruhusu kinachotoka, lakini humzuia mgeni aingiaye bila kuitwa. Mtandao mpya huhesabiwa kuwa wa hadhara, na milango ya mafaili, hususan mlango 445, hufungwa.

Dawa si kuizima ngome. Mnamo Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipenya kwa mlango huohuo, vikafunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani. Tasnifu isiyo na nakala haiponi pigo kama hilo.

Yafaa basi, kwanza, kuuweka mtandao wa nyumbani au wa ofisi kuwa wa faragha. Pili, kuwasha upashanaji wa mafaili. Tatu, kuiruhusu programu husika peke yake, tena katika mtandao wa faragha tu. Penye watu wengi, mtandao ubaki wa hadhara.

Kwa ufupi, mlango hufunguliwa kwa anayejulikana, ngome haibomolewi.