Je, Wajua? Sanaa za Lugha na Kiingereza si somo lile lile

Katika shule nyingi za msingi Marekani, ratiba haina somo liitwalo Kiingereza. Lililopo ni Sanaa za Lugha. Humo mtoto hujifunza kusoma, kuandika, kuzungumza na kusikiliza, pamoja na tahajia na sarufi. Mwaka 1996, vyama viwili vya kitaaluma vilitoa viwango vilivyoongeza stadi mbili: kutazama na kuwasilisha mambo kwa picha.

Akifika sekondari, somo kwa kawaida huitwa Kiingereza, na uzito huhamia kwenye fasihi: riwaya, tamthilia, ushairi na insha za uhakiki.

Mzazi uliyehamia huko, jina likibadilika kwenye ripoti ya mwanao, muulize mwalimu ni stadi zipi sasa zinapimwa.